Ubavu wa Kushoto

Siku ya thelathini na tisa ilirudi kwa mara ya nne, na Sikitu hakuwa na nguvu hata ya kuikasirikia. Katika mji ule, ambao wenyewe hawakuupa jina kwa kuchelea kwamba jina lingewapa wageni pa kuanzia maswali, siku ambayo kazi yake haikuisha haikuwa na ruhusa ya kwenda zake. Jioni ilizama vizuri tu, kwa adabu zote, kisha asubuhi ikabisha hodi ileile: jua lilelile juu ya bati lilelile, jogoo wa jirani akikatisha kuwika palepale alipokatisha jana. Watu wengine walikuwa wameshasonga mbele katika siku zao. Aliyebaki nyuma ni yeye, mchonga mbao za chapa, na ubao ulikuwa juu ya meza, mtupu, haujapata hata mkwaruzo.

Ubao ule ulikuwa wa Chiku. Chiku alikuwa binti yake, wa pekee, wa miaka saba, aliyefariki siku thelathini na tisa nyuma, ukitaka kuhesabu kwa huruma.

Sheria ya mji ilikuwa fupi. Mtoto akifa, sura yake ichongwe ubaoni na ipigwe chapa, karatasi kumi na mbili, kabla siku ya arobaini haijaisha. Karatasi moja itundikwe katika Ukumbi wa Sura, zilizobaki wagawiwe jamaa. Kisha ubao ukatwe mikato miwili, pembe hadi pembe, asije mtu akapiga nyingine na kuzidisha huzuni kupita kipimo. Mtoto asiyetundikwa Ukumbini alikuwa hakuzaliwa. Jina lake halikutajwa tena, barabarani wala jikoni, na mama aliyejisahau akalitaja aliambiwa na majirani zake, tena kwa upole kabisa, kwamba anaota. Upole huo ndio uliowamaliza wengi.

Na kulikuwa na kifungu kimoja zaidi, kidogo, mwishoni, ambacho ndicho kilichokuwa sheria yenyewe: mtoto achongwe akiwa na afya. Mjini hapakuwa na maradhi. Palikuwa na watoto waliokufa, hilo lilikubaliwa, maana makaburi yanaonekana. Lakini wagonjwa hapakuwa nao. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila wahenga hawakuujua mji huu, uliojifunza kukificha hata kilio. Ukumbini zilitundikwa sura elfu nane, zote zinacheka. Safari moja alipita mgeni, akazunguka kuta zote nne, akauliza, "Hawa wote walikufa kwa kicheko?" Walimsindikiza hadi lango la mji wakiwa wamembebea mkoba wake.

Vicheko vile vilikuwa vya mkono wa Sikitu. Tuseme ukweli, tusimwonee huruma kabla ya wakati wake. Miaka thelathini alikuwa anawanenepesha watoto wa watu kwa patasi. Alikuwa na mkato wake maarufu, mkato wa shavu, mistari miwili iliyopinda, mmoja mpana na mwingine mwembamba, na mtoto aliyekufa amebaki ngozi na mifupa alitoka pale kama aliyeshiba wali wa nazi. Akina mama walikuja wamejishika viuno, yeye akawauliza, "Alipenda nini?" Wakimwambia alipenda maembe, alimchonga mtoto ana embe. Hakuwahi kuwauliza alikufaje. Walishukuru, wakaenda. Mmoja tu, Bi Staajabu, mama yake Mcha, alipokabidhiwa karatasi yake miaka kumi na moja iliyopita, aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Ahsante. Huyu ni nani?" Kisha akajirudi upesi, akasema, "Ahsante sana," na kuikunja. Sikitu alicheka siku ile. Alidhani ni uchungu tu unaosema.

Mganga hajigangi. Sasa zamu ilikuwa yake, na mkato wa shavu ulikuwa kwenye vidole vyake, tayari, unangoja kuitwa. Dakika kumi zingetosha. Chiku angetundikwa, jina lake lingekuwepo, na Sikitu angeweza kulitamka jikoni mwake bila mtu kumwambia kwamba anaota. Kilichomshinda ni kwamba hakumjua Chiku mwenye mashavu. Binti alianza kuumwa kifua akiwa na miaka mitatu, na tangu siku hiyo maradhi ndiyo yaliyomlea pamoja na mama yake, yakichukua kidogo kila mwezi, bila haraka.

Alikuwa anaweza kulala kwa ubavu wa kushoto tu. Ukimgeuza kulia, kikohozi kilimkamata na hakikumwachia mpaka midomo igeuke rangi. Na kitanda kilikuwa kimebanwa kwenye ukuta kiasi kwamba akilalia kushoto alimpa mama yake mgongo. Sikitu akakigeuza kitanda, ikawa upepo wa mlangoni unampiga kifuani. Akakirudisha. Ndipo Sikitu akaning'iniza kioo ukutani, kioo cha kawaida chenye fremu ya bati, ili mtoto aliyeuelekea ukuta aweze kumwona mama aliyekaa nyuma yake, na mama amwone mtoto. Miaka minne walitazamana humo. Walisalimiana humo asubuhi, wakagombana humo juu ya dawa, wakatoleana ulimi humo siku ambazo kifua kilitulia. Mlango ulikuwa nyuma yao, wazi, kwa hiyo ndani ya kioo kulikuwa pia na uchochoro, na wanawake wanaokwenda sokoni, na mbuzi wa watu.

Chiku alikuwa na mwenzake mle ndani.

"Mama, huyu wa humu analalia kulia," alisema siku moja. "Na hakohoi."

"Anakohoa ukikohoa wewe."

"Ananiigiza tu ili nisijisikie vibaya. Nikilala anaondoka. Anakwenda sokoni."

"Kufanya nini huko sokoni?"

"Kutembea," alisema Chiku, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Mimi nikae na wewe, yeye aende."

Sikitu alikuwa amechoka siku ile pia. Alimwambia anywe dawa.

Uchovu wa kuuguza hauzikwi na mgonjwa. Hilo alikuwa halijui. Alidhani watarudi kutoka makaburini, atalala siku mbili mfululizo, ataamka mtu. Badala yake uchovu ulibaki nyumbani, ukakaa kwenye kiti chake. Masikio yaliendelea kulinda kifua ambacho hakikuwepo. Kila alipofumba macho yalimwamsha: sikiliza, mbona kimya? Basi hakulala, siku thelathini na tisa na hizi nyingine tatu za marudio.

Katika marudio ya pili walikuja watoto wa Ukumbini. Walisimama dirishani kwa mistari, weusi na weupe kama karatasi zao, wana harufu ya wino, na wote walikuwa wanacheka maana hawakuwa na namna nyingine. Sikitu hakushtuka. Mtu aliyechoka kiasi kile hashtuki, hutoa tu kiti. Mdogo mmoja mwenye embe alisogea, akasema bila kuacha kucheka, "Mama mchongaji, yanatuuma."

"Nini kinawauma?"

"Mashavu. Tupunguzie."

"Siwezi. Mbao zenu zilishakatwa."

Wakaangaliana, wakicheka. "Basi usimfanye na yeye hivi," alisema yule wa embe, na wakaondoka mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama wanafunzi waliofundishwa foleni.

Sasa ilikuwa mara ya nne, na mlangoni alisimama Makungu, mzungusha gurudumu la mtambo wa kupigia chapa, mtu aliyefanya naye kazi tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi.

"Umeamkaje, dada?"

"Sikulala, kaka. Na wewe?"

"Mimi huko kwangu ni mwezi wa pili sasa, mihogo imeshakomaa. Kila asubuhi narudi nyuma kukufuata huku, na magoti haya hayapendi kurudi nyuma." Aliutazama ubao mtupu. "Leo unachonga?"

"Nichonge nini?"

"Mtoto."

"Yupi?"

Makungu alivuta kigoda akakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na yote ya kazi. "Mpige lile shavu lako, wamtundike, umalize. Akae ukutani na wenzake, jina lake liwepo. Kwani shavu ni nini, dada?"

"Chiku hakuwa na shavu, Makungu."

"Ndiyo maana ya kumpa."

"Nikimpa, nitakuwa nimemzaa mwingine. Na huyu wangu atakufa tena, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi."

Makungu aliinuka. Alikwenda kuchanganya wino, kazi ambayo haikuhitajika bado.

Basi Sikitu akaishika patasi. Labda ni hasira, labda ni usingizi. Mtu anayesimulia hawezi kujua kila kitu. Kuchonga ni kuondoa. Asiyeijua kazi hudhani mchongaji anaongeza mistari, kumbe anatoa, na anachokibakisha ndicho kitakachoshika wino na kuonekana. Alianza kutoa, na alipofika kwenye uso mkono wake ukasita, kwa sababu alitambua kwamba kazi hii ilishafanywa. Maradhi yalikuwa yamemtangulia. Yalikuwa yamekaa pembeni ya mtoto wake miaka minne yakitoa, yakitoa, leo nyama ya paja, kesho mviringo wa kidevu, mpaka yakabakisha mistari ile tu ambayo bila hiyo Chiku asingekuwa Chiku. Yeye alichotakiwa ni kufuata. Aliichukia kazi ile kwa moyo wake wote, na hapohapo, kama mtu wa fani, aliona kwamba ilikuwa imefanywa kwa makini. Alilia kwa ajili ya hilo zaidi ya kile kifo chenyewe, akachonga akijisemea.

Paji la uso. Hapa homa ilikaa. Pita taratibu.

Nyusi, na kovu juu yake. Alianguka kizingitini, ana miaka mitatu, siku ya mwisho aliyowahi kukimbia.

Macho. Usiyafanye makubwa. Kila mtu huyafanya makubwa macho ya mgonjwa ili watu wahurumie. Yake yalikuwa madogo na yana kiburi.

Mdomo. Hacheki. Halii pia. Anapanga pumzi, hii, kisha hii, kama anavyopanga mtu vyombo asivyotaka vivunjike.

Mshipa wa shingo.

Mkono unaoshika shuka. Vidole vitano, nilivihesabu siku alipozaliwa na kila asubuhi alipokuwa anakwenda.

Ni nani aliyesema mgonjwa si mtu? Mwanangu aliishi miaka saba na minne aliumwa. Ukiitoa minne unanibakishia mtoto wa miaka mitatu, na huyo simjui, aliondoka zamani. Mji unataka nini na huyo? Mji unaogopa nini kwenye mbavu za mtoto? Kama hamtaki kumwona anaumwa mngemponya. Hamkumponya, sikuwatukana. Lakini msimponye sasa. Sasa hapana. Kumponya mtu ambaye amekwisha kufa, huo ni wizi.

Aliposimama jua lilikuwa limehama, kwa mara ya kwanza katika siku nne, kwenda kuangukia pembe ya chumba ambayo siku zile zote halikuigusa. Makungu aliliona. Alipaka wino kwa rola, akalaza karatasi, akazungusha gurudumu kwa uzito wa mwili wake wote. Kisha akaibandua karatasi kuanzia pembe, kama desturi, na kuinua.

Wote wawili wakaisogelea.

"Dada," alisema Makungu hatimaye. "Ni yeye kabisa." Akaielekeza kwenye mwanga. "Lakini umemlaza kulia."

Sikitu alitazama. Chiku alikuwa amelalia ubavu wa kulia. Kovu lilikuwa juu ya nyusi ya kulia. Wazo lake la kwanza halikuwa la uchongaji, lilikuwa la kukimbia kumgeuza kabla hajaanza kukohoa.

Kosa lenyewe lilikuwa hili, na ni kosa ambalo mtu asiye na ujuzi asingeweza kulifanya. Chapa hugeuza. Cha kulia ubaoni hutoka kushoto kwenye karatasi. Kwa hiyo mchongaji hukigeuza kwanza kila anachokijua, akakichonga kinyume, ili karatasi ikirudishe sawa. Sikitu aligeuza. Miaka thelathini ya kugeuza, mkono haukumwuliza. Alichosahau ni kwamba uso wa mwanawe alikuwa hajautazama moja kwa moja kwa miaka minne. Aliujua kutoka kiooni. Aliokuwa nao kichwani ulikuwa umeshageuzwa. Kwa hiyo kwenye ubao, kwenye mti wenyewe, Chiku alilala kwa ubavu wake wa kushoto kama alivyolala duniani. Na aliyetoka kwenye karatasi alikuwa yule wa kwenye kioo.

"Tunachonga upya?" aliuliza Makungu, ingawa alijua jibu. Siku ilikuwa imekubali kwenda, na haikuwa ikirudi tena.

"Piga zilizobaki," alisema Sikitu. "Zote."

Wakatimiza kumi na mbili, wakazibana kwenye kamba chumba kizima, na asubuhi iliyofuata jogoo wa jirani aliwika mpaka mwisho. Siku ya arobaini.

Mkaguzi wa Ukumbi alifika mapema, amevaa vizuri, ana kadi ya usajili ya mtoto, iliyoandikwa alama zake, ndani ya bahasha. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya ni wachache kuliko tunavyopenda kuamini. Waliobaki wana bahasha.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa."

Aliinua macho kwenye kamba, akayashusha. Wagonjwa kumi na wawili walimtazama, na jasho likamtoka juu ya mdomo. "Bi Sikitu, mtoto huyu ana... hali."

"Anaumwa, bwana. Neno lenyewe ni anaumwa."

"Unaijua sheria kuliko mimi. Umetuchongea Ukumbi mzima." Sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Nikikupa mpaka jioni, ukamwongeza shavu kidogo tu?"

"Ubao hauongezwi. Kilichotoka kimetoka."

Mkaguzi alisimama akitafuta pa kutokea. Akikataa karatasi kwa sababu ya ugonjwa, itambidi aandike neno lile kwa mkono wake katika kitabu cha mji ambamo halijawahi kuandikwa. Akikubali, ataliweka ukutani. Alifungua bahasha kwa kukosa la kufanya, akasoma kadi, akatazama karatasi, akasoma tena, na uso wake wote ukalegea kwa nafuu.

"Hapa pameandikwa kovu nyusi ya kushoto," alisema. "Hii ni kulia. Hulala kwa ubavu wa kushoto. Huyu kalalia kulia. Bi Sikitu, samahani sana. Huyu siye."

"Ndiye."

"Kadi inasema siye." Alikuwa ameshatoa kalamu. "Siandiki kwamba anaumwa. Sioni ugonjwa wowote. Naandika: si mtoto wa mji huu." Akaandika, akapuliza wino ukauke. "Kwa hiyo mtoto aliyetajwa kwenye kadi hakuletwa. Unajua maana yake. Jina hilo sasa... nakuomba usijisumbue nalo."

Sikitu aliishika meza. Angeweza kumweleza habari za kioo, na kwa nusu dakika alitaka kueleza. Lakini alijua kwamba mtu aliyepata nafuu haelezwi kitu. Moyo ulimuuma waziwazi, mahali pamoja, kama unavyouma mguu. Siku arobaini alikuwa anapigania neno moja, Chiku, na sasa limechukuliwa na mtu mwenye tabia nzuri.

Ni Makungu aliyeuliza, akiwa amesimama kando ya mtambo na nyundo na patasi ya kukatia. Aliuliza kwa sababu miaka thelathini alikuwa akiuliza hivyo hivyo mwisho wa kila kazi.

"Na ubao, bwana? Tuukate?"

Mkaguzi alikunja uso. Akafungua kitabu cha sheria, akafuata mstari kwa kidole. "Kinachokatwa ni ubao wa mtoto aliyesajiliwa, baada ya karatasi kumi na mbili. Huu..." Kidole kikasimama. "Huu si wa mtoto yeyote. Hauna kifungu."

"Kwa hiyo hatuukati."

"Kukata ubao usio na kifungu ni kuharibu mti wa watu," alisema Mkaguzi, akafunga kitabu na kutoka, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza asubuhi yake bila kugombana. Hakujua alichokiacha. Kile ambacho mamlaka yamekataa kukiandika, hayana pia pa kukifutia.

Sikitu naye hakujua, si wakati ule. Alikaa chini sakafuni chini ya kamba. Hapo ndipo Bi Staajabu alipomkuta, akiwa amekuja kwa ajili ya arobaini na kisahani cha tende, maana yeye ni mtu wa kutimiza desturi.

"Hodi humu."

"Karibu."

"Pole, mdogo wangu. Nasikia wamemkataa, lo..." Akaishia hapo. Kisahani kilitua mezani chenyewe. Bi Staajabu alitembea mpaka kwenye karatasi ya kwanza, akasimama pua kwa pua nayo. Kifua chake kilianza kwenda juu na chini, na Sikitu akatambua kwamba mama yule alikuwa anapumua pamoja na mtoto wa kwenye karatasi, hii, kisha hii.

"Mcha alikuwa hivi," alisema. "Shuka alilishika hivi. Miaka kumi na moja nina kijana mnene ukutani simjui, namfuta vumbi, namwambia habari za asubuhi kama mgeni." Aligeuka. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali. "Kumbe ulikuwa unajua kuchonga!"

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe siku nyingine. Leo nipe mmoja."

"Hana jina, Bi Staajabu. Wamesema nisilitaje."

"Wewe usilitaje. Sisi tuna midomo." Akaibandua karatasi kwenye kamba mwenyewe, hakuomba msaada. "Namchukua Chiku. Kama naota, basi naota na yu mkononi mwangu."

Akatoka naye hivyo hivyo, hakumkunja, amembeba kifuani uso umeelekea nje, kupitia uchochoroni mchana kweupe. Haikupita saa, alikuja mwanamke mwingine ambaye Sikitu alimkumbuka kwa mapacha wake waliochongwa wanacheza. Alisimama mlangoni akisugua kidole gumba kwa kingine. "Nimeambiwa... nimekuja kwa Chiku." Akafuata baba mmoja, hakusalimu hata, alinyoosha mkono tu. "Chiku, tafadhali." Kisha watatu kwa pamoja. Kila mmoja alimwona wake pale, na kila mmoja aliomba kwa jina la huyu, kwa sababu ndilo jina pekee lililokuwa limeambatana na ukweli ule. Ilipofika adhuhuri kamba ilikuwa tupu, na foleni ilikuwa imepinda kona.

"Karatasi zimekwisha," alisema Sikitu.

"Karatasi zimo kabatini rimu nne," alisema Makungu. "Na ubao ni mzima." Aliukunja mkono wa shati. Macho yake yalikuwa mekundu na alijifanya ni wino. "Nenda kalale, dada. Hii kazi ya gurudumu haikuhitaji wewe."

"Silali mimi."

"Basi kajinyooshe."

Alikwenda. Kitanda cha Chiku kilikuwa bado kimebanwa ukutani, shuka halijatolewa. Sikitu alipanda, akajikunja ili atoshe, na bila kufikiri akalala kama alivyomlaza mwanawe miaka yote, kwa ubavu wa kushoto, uso ukutani. Kioo kilikuwa mbele yake. Miaka minne alikitazama akiwa amekaa kitini. Hakuwahi kukitazama kutoka hapa. Kutoka hapa mlango ulionekana wote, na uchochoro wote mpaka unapoungana na njia ya sokoni, kuna mwanga mwingi, kuna watu.

Nyuma yake gurudumu lilizunguka, likatulia, likazunguka. Ndani ya kioo mwanamke alitoka mlangoni na karatasi mbichi kifuani. Na kwa kuwa kioo hugeuza, mtoto aliyekuwa kwenye karatasi hiyo alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, na kovu lilikuwa juu ya nyusi ya kushoto, mahali pake, mahali alipoumia siku aliyokimbia. Hakuwa mwenzake. Alikuwa Chiku mwenyewe, anakwenda sokoni.

"Haya, mama," Sikitu alimwambia. "Nenda ukatembee."

Masikio yake yalingoja kwa mazoea. Alisikia gurudumu, alisikia hodi nyingine mlangoni, alisikia mtu anauliza kama Chiku yupo na Makungu anajibu, "Yupo, subiri akauke." Hakuna aliyekohoa. Akasikiliza tena kidogo, ili ahakikishe, kisha usingizi ukamchukua.